Abiria wa Bingwa

Gari la wagonjwa liliinama nyuma kama limepakia saruji, na ndani alikuwemo mama mmoja tu, mshonaji, mwembamba wa kupeperushwa na feni. Dereva aliliona hilo. Bingwa hakuona kitu, maana macho yake yalikuwa ya kujitazamia kwenye kioo.

Bingwa ndiye mhudumu wa gari. Aliyevunjika mguu alimwita mgonjwa. Aliyeugua akili alimwita mzigo. Dawa yake kwa mizigo ilikuwa moja, na alimfundisha hata shemeji yake, ambaye Bingwa mwenyewe ndiye alimwingiza kazini: mkubalie kila upuuzi, apande, ufunge mlango.

Kwa hiyo kabla ya safari, mshonaji aliponong'ona chumbani kwake, "Siondoki mwanangu, yule wa kwenye kona atanifuata," Bingwa alimkonyeza dereva, akaigeukia kona tupu.

"Karibu mkubwa, panda na wewe. Nafasi ipo."

"Hayo hayasemwi bure," dereva alinong'ona.

"Wewe shika usukani."

Hospitalini mshonaji alishuka kwa miguu yake, uso mkunjufu. "Asante baba. Kutwa ananiomba nimkaribishe, namkatalia. Sasa ana mwenyeji."

Bingwa alicheka. Akarudi garini, na gari lilikuwa bado limeinama, na pale nyuma pasipo na mtu mkanda wa machela ukajifunga wenyewe, tak, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani mpaka kooni, na kutoka juu ya godoro, ambalo sasa lilikuwa limebonyea, sauti yake mwenyewe Bingwa, yenye maringo yake yote, ikamwambia nafasi ipo.

Wiki haikuisha. Alikutwa chumbani kwake amekumbatia mguu wa kitanda, hali, haogi, anaikodolea kona. Wakaitwa wa gari la wagonjwa. Akaingia shemeji yake, mume wa dada yake, baba wa watoto waliomwita mjomba.

"Vipi Bingwa, leo mzigo ni wewe?"

Neno moja lingetosha kumwonya. Bingwa alimtazama, kisha akasema polepole, "Siondoki, shemeji. Yule wa kwenye kona atanifuata."

Shemeji akakonyeza, kama alivyofundishwa.

"Na yeye apande basi. Nafasi ipo."

Kifua cha Bingwa kikawa chepesi. Akajinyanyua, akaomba maji ya kuoga.

Nje, gari tupu likainama nyuma. Dereva alichomoa ufunguo, akauweka juu ya kiti, akaondoka kwa miguu bila kuaga.