Mstari wa Tatu kwenye Kompyuta ya Mama Chapa

Haya jamani, hamjambo? Wa nyuma sogeeni, wa mbele tulieni, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Naomba kimya. Hadithi hii yenyewe ilianza kimya kimya, kwa mstari usio na kitu.

Asubuhi hiyo Mama Chapa alifungua kibanda chake cha kuchapa barua, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta. Kioo kikamletea mistari miwili, kama fundi wa kompyuta alivyomwonyesha: mfumo mpya, mfumo wa zamani. Chagua ndani ya sekunde kumi. Akabonyeza kitufe cha kushuka. Ile rangi ya bluu ikashuka kwenye mstari wa pili. Akabonyeza tena, bila kukusudia. Ikashuka tena, ikakaa pasipo na neno.

"Wewe nawe umekalia nini hapo?" akaiuliza.

Mama Chapa alijua kusoma akiwa na miaka hamsini na mbili. Na mwenye njaa ya siku nyingi habakizi chembe sahanini: kila neno alilokutana nalo alilisoma, tena kwa sauti. Pakiti ya sabuni. Ubao wa daktari wa meno. Tangazo la mwaka juzi. "Ha-ta-ri. Hatari! U-me-me!" Majirani wakamcheka: "Mama Chapa, hata risiti unaisoma kama gazeti?" Naye: "Nimekaa na njaa miaka hamsini, niacheni nile!"

Aliyemfundisha ni mumewe, mchapaji wa kibanda hicho. Kifua kilipomzidi, mume alijirekodi kwenye kompyuta masomo arobaini, ili akiondoka mkewe asiishie njiani. Akaondoka kweli. Mama Chapa alikuwa amefika somo la thelathini na moja. Yale tisa yaliyobaki alipanga kuyala kwa uchoyo, moja kwa mwezi, kwa sababu yakiisha, mumewe hatakuwa na jipya la kumwambia.

Sasa, masomo yale yalifunguka kwenye mfumo wa zamani tu. Na fomu za wateja zilikuwa zimeanza kuukataa huo wa zamani. Ndipo akaitwa fundi.

"Tutamweka mpya ubavuni mwa mkongwe," fundi alisema.

"Yaani mashine inaoa mke wa pili?"

"Ndiyo hivyo, mama. Kila mke na chumba chake."

"Basi wewe ndiye mshenga. Wakigombana nakuita."

Waligombana. Siku ya kwanza mashine ilimkataa mgeni mlangoni. Siku ya pili alifika asilimia tisini na tisa, akalala hapo mpaka jioni. Siku ya tatu aliingia, lakini mkongwe akapotea kwenye orodha, na Mama Chapa akakaa sakafuni. Fundi, shati lile lile la juzi, macho mekundu, akahangaika mpaka akamrudisha mkongwe. Ila kwa uchovu alikuwa amepima vibaya. Alimkata mkongwe kipande kikubwa kuliko alichompa mpya, na katikati pakabaki nafasi.

"Hicho chumba ni cha nani?" Mama Chapa akauliza.

"Hakina mtu. Kimebaki tu."

"Fundi, unaacha chumba kitupu kwenye nyumba ya watu?"

"Mama, nimechoka. Nikikigusa tena naweza kumpoteza mkongwe. Kiache."

Mama Chapa naye alikuwa amechoka. Akakiacha. Na ninyi mnajua: chumba kisicholaliwa na mtu hakikosi mlalaji.

Mchana wa siku ile ya mstari mtupu, saa saba, jua limesimama utosini na mtaa mzima umejifungia, Mama Chapa alizima kompyuta, akachomoa waya, akaweka kichwa mezani apumzike. Akasikia harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Kisha sauti ya mumewe, taratibu: "Somo la thelathini na mbili."

Angekimbia. Lakini nani anamkimbia mumewe? Alikaa akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtiririka.

Kesho yake somo la thelathini na mbili halikuwepo tena kwenye orodha. Na ule mstari wa tatu ulikuwa na herufi moja. Mama Chapa akaisoma, kwa sauti. Mazoea.

Ikawa hivyo kila siku. Mchana somo moja, asubuhi somo halipo na herufi imeongezeka, naye anatamka zote toka mwanzo, huku zile sekunde haziteremki tena bali zinapanda, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kana kwamba kuna mtu ndani anayemwambia asiwe na haraka. Hakumwambia yeyote. Alikonda. Usiku hapati usingizi, mchana hataki kuulala. Herufi zikafika nane.

Siku ya tisa mashine ilijiwasha na waya wake uko sakafuni, harufu ikajaa kibandani mpaka ikamkaa ulimini, na sauti ile tamu ikasema, "Somo la arobaini na moja," na kabla hajajiuliza la arobaini limekwenda wapi, ikaendelea, "Soma jina lililo hapo chini, mke wangu, lisome lote, kwa sauti," na herufi ya tisa ikaanza kuchomoza polepole kama jino, na mdomo wake ukawa umeshaanza, wenyewe, herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane, ndipo akakumbuka kitu kidogo: siku zote hizi mumewe hajakohoa hata mara moja.

Akaung'ata mkono wake. Akatoka nje unavuja damu, akamwita fundi.

Fundi aliangalia waya, akaangalia kioo. Akashusha sauti.

"Mama, hii haina umeme."

"Najua. Usikisome hicho kilichoandikwa."

"Nifute vyote?"

"Limebaki somo moja."

"Moja tu, mama!"

"Kwani hilo moja ni la kwako?"

Fundi akakaa. "Basi tuvunje ukuta. Mkongwe akimeze chumba cha katikati. Ikikwama njiani, vyote vimekwenda."

"Vunja."

Ilichukua saa nne. Asilimia mbili. Asilimia tisa. Mama Chapa alijaza kitambaa cha vumbi mdomoni, akafumba macho, na ile sauti ikambembeleza, ikamlilia, ikamwambia ina baridi, haina pa kwenda, ikalitaja lile jina herufi kwa herufi, ikimwachia ile ya mwisho aimalize yeye, kama mwalimu anavyomwachia mtoto, na fundi jasho linamdondoka akawa anarudia, "Usisome, mama. Usisome, mama," mpaka sauti ikakatika katikati ya neno.

Kioo kikaleta mistari miwili. Kumi. Tisa. Nane.

Mama Chapa akafungua somo la arobaini. Kikohozi kwanza. Halafu: "Mwanafunzi wangu, leo mimi sisomi. Soma wewe, nasikiliza."

Basi. Baada ya hapo kimya cha dakika ishirini, na kikohozi hapa na pale. Ndiyo maana yule mwingine hakuliiba. Halikuwa na maneno ya kuiba. Mama Chapa akatoa kitambaa mdomoni, akachukua pakiti ya sabuni, akasoma pande zote nne. Fundi alikuwa ameshalala kwenye kiti, mdomo wazi.

Jioni alifunga kibanda akarudi nyumbani, amechoka mpaka mifupa, lakini moyo mweupe. Akapita penye ubao, akausoma kama kawaida: "Dak-ta-ri wa me-no." Na ulimi haukusimama. Uliendelea wenyewe: herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Ukagota kwenye meno, unasubiri.

Akaufunika mdomo kwa mkono wenye kidonda. Kumbe chumba kilichovunjwa ni kimoja tu.

Tangu siku hiyo Mama Chapa anasoma kimoyomoyo. Majirani wanasema amekua, sasa anasoma kama wasomi.

Haya, mimi huyo, miguu imechoka na njia ni ndefu. Nitapita tena hapa. Mkitaka kunionyesha jambo, niandikieni, nitalisoma. Ila msiniombe nilisome kwa sauti.