Hina ya Bi Dhapu na Wino wa Kura

Asubuhi ya uchaguzi nilimkuta mama mkwe wangu, Bi Dhapu, uani akijisugua viganja kwa ndimu na majivu. Jana yake tulikuwa harusini, na mikono yake ilijaa hina mpaka viwikoni.

"Mama, unajichuna ngozi!"

"Niache, Sugna! Wenye hina hawapigi kura. Eti wino haushiki kidoleni. Hebu soma simuni!"

Shemeji yangu Bhanwar ndiye aliyetuma habari hiyo kwenye kundi la ukoo. Pichani walikuwa wanawake wa hina kwenye foleni, na askari mlangoni. Chini yake aliandika: "Wamerudishwa! Watumie wengine haraka!"

Maskini mama! Kwa miaka kumi jina lake halikuwamo kwenye daftari la wapiga kura. Alihangaika mwaka mzima mpaka likaingia. Roho iliniuma.

Tukaenda kwa jirani yetu Tarannum. Ni mwandishi wa habari, na kazi yake ni kuchunguza uvumi wa uchaguzi.

"Nani amesema?" aliuliza.

"Bhanwar."

"Naye kaambiwa na nani?"

Nikampa simu aione picha.

Tarannum akaitafuta picha mtandaoni. Kumbe ilipigwa miaka minne iliyopita, kwenye mashindano ya hina!

"Basi twende!" mama akasema.

"Bado, Bi Dhapu. Picha ni ya zamani, sawa. Lakini je, sheria yenyewe ipo au haipo?"

Akapiga simu ofisi ya uchaguzi, sote tukasikia. Ofisa alicheka. "Hina haimzuii mtu. Aje na kitambulisho."

Tarannum hakuridhika. Akausoma na mwongozo wa wasimamizi wa kura. Hina haikutajwa popote. Ndipo akaandika habari yake, akaweka na ile picha ya mashindano ili wasomaji wajionee wenyewe.

Saa nane mchana mama alitoka kituoni kidole juu, mstari mweusi juu ya hina. Alikuwa anacheka peke yake. Nikampiga picha tukaituma kundini, na sauti yake ikafuata:

"Bhanwar, wino huo hapo, umeshika! Mkeo naye ana hina. Umemwacha nyumbani?"

Kisha Bhanwar akajibu: "Analia tangu asubuhi. Nisamehe, mama. Tunakwenda sasa hivi."

"Ufute kwanza uongo wako, mwanangu!"

Akaufuta, akaituma habari ya Tarannum.

Jioni kundini kulikuwa na vidole tisa vya hina, vyote na wino. Mama alivihesabu mara mbili.