Mikanda ya Shangazi Kitana

Sogeeni, jamani, na mwenye mguu unaovimba akae mbele, maana habari hii ni yake.

Chumba cha Shangazi Kitana, msusi, kilikuwa hakikauki watu. Mchana kutwa ni vicheko na harufu ya mafuta ya nywele, na mwenyewe amesimama nyuma ya kiti, kitana amekichomeka kichwani, anasuka huku akisimulia ya mtaani. Kusimama huko miaka nenda rudi ndiko kulikomponza. Mguu ulianza kuvimba, ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi, ikachubuka kidogo tu, na pale pakawa kidonda kisichotaka kupona. Chumba kikafungwa. Lakini kilichomuuma zaidi ni binti yake, aliyekuwa karibu kuolewa na ameshaapa kwamba siku hiyo hakuna mkono mwingine ila wa mama utakaogusa kichwa chake.

Alipopelekwa zahanati, muuguzi alimpima akahakikisha damu inashuka mguuni vizuri. Shida ilikuwa kurudi juu. Basi akasafisha kidonda, akakifunika, akamvalisha vazi la mguu lenye mikanda inayonata. Alianza kukaza chini kifundoni, akapanda hadi chini ya goti, kila mkanda ukiulalia kidogo mwenzake. Akamweleza kuwa kubana ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu ndiko kunakoisukuma damu ipande. Tena vazi lile lina raha yake, alisema, linarekebishika: uvimbe ukipungua, unakaza upya.

Wote nyumbani walilishika neno hilo moja, linarekebishika. Mengine yaliwapita.

Nyumba ile, Mungu aibariki, ilikuwa na mapenzi hadi yanamwagika. Asubuhi Shangazi akiguna kidogo, mumewe, dereva mstaafu asiyeweza kuona mtu akikunja uso, analegeza mkanda mmoja. Baadaye anapita dada mkubwa wa Shangazi kumjulia hali, machozi yanamlenga, analegeza mwingine. Binti akirudi kazini naye halali bila kumpunguzia mama adha. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na Shangazi je? Kimya! Tusemezane ukweli, kubembelezwa ni kutamu, na mtu aliyezoea kuhudumia vichwa vya wenzake alikuwa anaifurahia zamu yake. Jioni vazi lilikuwa limeporomoka kifundoni kama soksi iliyokatika mpira.

Kidonda kikapanuka. Siku ya harusi ikasogea. Dada mkubwa akaanza kunong'ona kwamba muuguzi yule kazi haijui, na Shangazi akawa analia chooni ili binti asimwone.

Siku moja muuguzi akapita bila taarifa. Akautazama mguu, akautazama umati uliouzunguka, akauliza ni nani anayelegeza.

"Mimi ni mkanda mmoja tu," mume akasema, macho kwenye viatu vyake.

"Hata mimi ni mmoja," akasema dada mkubwa.

Binti akashindwa kusema wake kwa kicheko. Lakini muuguzi hakucheka. Alivuta kigoda akaketi karibu na msusi.

"Shangazi, mteja akikwambia unamsuka kwa nguvu, unafanyaje?"

"Namuuliza, inauma au inabana? Ikiuma nalegeza. Ikibana tu namwambia atulie, maana nikilegeza nywele hazifiki kesho."

"Basi mguu huu ndio mteja wako."

Shangazi alijisikia aibu, kisha akajisikia nguvu. Tangu hapo akawa anajifunga mwenyewe alfajiri, kabla uvimbe haujaanza, na mkono wa mtu haukuruhusiwa kusogea. Huruma ya nyumba ile haikutupwa, ilipewa kazi. Mume alimtembeza mtaani na kumwekea mto wa kuinulia mguu. Dada mkubwa alikabidhiwa vidole: vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, mikanda ifunguliwe mara moja na muuguzi aitwe. Akavikodolea macho kama maziwa jikoni.

Kidonda kikaanza kujifunga kutoka pembeni, polepole, hadi kikafungika kabisa. Shangazi alipoona ngozi nzima alipiga kigelegele majirani wakatoka nje.

Siku ya harusi chumba kilifunguliwa. Shangazi alisimama nyuma ya kiti, vazi la mguu limekazwa chini ya gauni kama alivyoagizwa, kidonda kisirudi. Katikati ya kusuka, bibi harusi akalalamika.

"Inauma au inabana?" mama akauliza.

"Inabana."

"Tulia, mwanangu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mama akaendelea kusuka huku akijifuta machozi kwa mkono wa gauni.

FUNZO

Ndugu zangu, mgonjwa hapendwi kwa kumwondolea dawa yake. Kidonda cha mguu kipelekwe kikapimwe mapema, na asijifunge mtu kabla ya kupimwa. Ukiambiwa vazi libane, liache libane. Ukiona dalili ya hatari, fungua ukaulize. Na wewe mwenye huruma nyingi, kabla hujagusa mkanda wa mwenzio, muulize kwanza swali la Shangazi Kitana.