Ni Kadi au Ni Mtu

"Sindano, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Mlango wa maabara ulifungwa dakika arobaini. Kaipime ile kadi. Nataka kujua, ni kadi au ni mtu?"

"Kwa nini mimi?"

"Nikimtuma mwingine utasema amemwonea."

Redio ikakatika.

Sindano aliegesha Toyota ng'ambo ya barabara, akagusa Glock kwapani kwa mazoea, akavuka. Huyu ni jasusi aliyewahi kuruka kutoka ghorofa ya tatu akiwa na risasi pajani, na asitoe hata mguno. Leo ngazi tu zilimshinda.

Ndani ya maabara ile alikuwamo dada yake.

Juzi Mluzi, mpelelezi mwenzake na rafiki yake wa chanda na pete, aliwarekodi wauza silaha ghalani kwao. Akaituma kadi ya kamera, yeye akabaki amejificha, akilichunga ghala. Kadi ikapelekwa kwa Dada, fundi wa kompyuta wa idara, ainakili kwenye diski. Alijifungia nayo peke yake dakika arobaini. Kabla ya jioni ghala lilikuwa tupu, na Mluzi alikuwa amelala mtaroni na risasi kisogoni.

"Kadi ilikuwa inajikongoja," Dada aliwaeleza wakubwa. "Ndiyo maana nilichelewa."

Sindano aliomba iwe kweli; kama si kadi, basi dakika zile Dada aliwapasha habari wauza silaha. Aliomba kama mtoto.

"Karibu, mdogo wangu," Dada alisema bila kuinua macho. "Wamekutuma wewe?"

"Wamenituma mimi."

"Hawana haya."

Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyemlea. Alimwogesha, akamshonea sare ya shule, akamfundisha kufungua kompyuta na kuifunga tena bila skrubu kubaki mkononi.

Sindano alichomeka diski ileile aliyoitumia Dada, ya zamani, inayozunguka ndani. Akaitia ile kadi ya kamera, SanDisk, mahali pake, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ukatambaa. Polepole, alinong'ona moyoni. Polepole, tafadhali.

Dakika tisa.

Tena hapo diski ndiyo iliyoivuta kadi nyuma. Akachomeka diski mpya ya Samsung, isiyo na kitu kinachozunguka.

Dakika tano.

Kadi ilikuwa inakimbia kama imeiba.

Akarudia. Jasusi mzima, anarudia kipimo akitumaini mashine itamwonea huruma.

Tisa. Tano.

"Nilitumia hiki," Dada alisema ghafla. Alitoa drooni kisoma kadi cha zamani, plastiki yake imepauka, waya wake umefungwa utepe. "Kinachelewesha sana."

Kifua cha Sindano kikafunguka. Kumbe kifaa tu. Angeweza kumkumbatia. Akaichomoa kadi, akaitia mle.

Hakuna kadi, skrini ilisema.

Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

Hakuna kadi.

Kisoma kadi kile kilitengenezwa enzi za kadi za ujazo mdogo. Yenye ujazo mkubwa kama hii hakiioni kabisa, si kwa haraka, si kwa polepole. Dada mwenyewe ndiye aliyemfundisha hilo. Hofu ilikuwa imemsahaulisha Dada.

"Dada."

Alikunja mikono mapajani. "Wale wauza silaha walinionyesha picha yako. Unafunga geti asubuhi, umeshika funguo. Wakasema wapate kila kinachoingia hapa, au wakupate wewe."

"Ukawapa Mluzi."

"Nilikuchagua wewe. Ningefanyaje?"

"Mluzi alikuwa na watoto, Dada."

"Najua. Wale wadogo nimewabeba mgongoni."

Sindano aligeukia ukuta. Moyo ulimvunjika, na tusidanganyane, haukuvunjika kijasusi. Alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, na bastola ikawa inamgonga ubavuni kila kwikwi ilipomshika. Alikuwa hai kwa sababu rafiki yake amekufa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Kisha akajikaza, akashika redio.

"Mkuu. Ni mtu."

"Nani?"

"Dada yangu."

"Pole, kijana. Walinzi wanapanda."

Sindano akamrudia. "Mzigo wa silaha unatoka lini?"

"Leo jioni. Malori mawili ya saruji. Wanangoja niwaambie njia ipi haina askari."

"Waambie wapite mizani. Nitawapanga askari pale."

"Wakijua nimewauza, watakufuata."

"Piga simu, Dada."

Akapiga. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Piteni mizani. Njia nyeupe."

Walikaa pamoja wakisubiri, walinzi wawili mlangoni. Jua lilikuwa limeshalalia madirisha redio ilipokoroma.

"Mizani hapa. Malori mawili, watu sita, wote chini ya ulinzi. Bunduki zimepangwa chini ya saruji. Na yule mwenye picha zako, Sindano, naye tunaye."

"Nimekupata."

Dada aliposikia, alifumba macho, akashusha pumzi. Mwenyewe akanyoosha mikono. Sindano alimfunga pingu, akaingiza kidole katikati ya chuma na ngozi kuhakikisha hazimbani.

"Umekula leo?" Dada akauliza.

"Nimekula," alidanganya.

Akashuka ngazi. Mlinzi wa getini akampigia saluti. "Kazi nzuri, kaka."

"Ya kawaida."

Alivaa miwani myeusi, akakaza mabega, akaivuka barabara kwa hatua zake zilezile za madaha. Hakugeuka. Alijua kule juu dirishani dada yake amesimama na pingu zake, anamwangalia mpaka avuke salama.