Jino la Bi Batuli

Kila alipotoka shule, Mwanvita alipitia makao ya wazee, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Mama yake, Adila, alikuwa mpishi pale. Mwanvita alinawa mikono, akagawa chakula. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa Mzee Mwinshehe, maana akicheleweshewa hugomba mpaka kesho yake. Ya mwisho ilikuwa ya Bi Batuli, maana huko ndiko kulikokuwa na hadithi.

Bi Batuli huyo, enzi zake, alikuwa bingwa wa vigelegele. Harusi asiyohudhuria ilihesabiwa kuwa mkutano tu. Alipovipiga Bagamoyo, watu wa Unguja waliacha kula wakaulizana, "Nani kaolewa ng'ambo?" Anayebisha na aende Unguja akaulize.

Siku moja ya makande, Mwanvita alimkuta amejishika shavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Funga mlango."

Bi Batuli akafungua kinywa. Jino moja la nyuma lilikuwa jeusi kama mkaa, na fizi imevimba.

"Nimwite Nesi Mgeni?"

"Thubutu! Watang'oa hilo, kisha wanogewe, wang'oe na mengine. Vigelegele nitavipigia wapi, puani? Hii ni amana, Mwanvita. Ukisema, sikusamehe duniani wala ahera."

Mtoto wa pwani ukimtajia amana na ahera umekwisha kumfunga kamba. Mwanvita akaahidi. Ili siri isivuje, yale makande akawamwagia kuku nyuma ya jiko.

"Mashallah!" mama yake alifurahi alipoiona sahani tupu. "Leo Bi Batuli kala vizuri."

Ikawa ndiyo kazi ya kila siku. Kuku wakanona, hata jogoo akipita, kifua kilitangulia na miguu ikafuata baadaye. Bi Batuli akazidi kukonda. Alichoweza kumeza ni chai tu, na aliitaka yenye sukari nyingi. Mwanvita alimpaka karafuu iliyosagwa. Jino lilitulia kidogo, kisha likaamka na hasira mpya. Uso bibi akauzungushia kanga, akisema upepo unamsumbua.

"Batuli!" Mzee Mwinshehe alimtania kutoka kibarazani. "Humo ndani ya kanga umeficha embe? Tugawie!"

Bi Batuli, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, aligeukia ukutani. Hapo Mwanvita akaogopa kweli. Lakini afanye nini? Kila alipofungua mdomo kusema, aliiona ile ahera mbele yake.

Siku ya tisa bibi akashikwa na homa. Nesi Mgeni akampima malaria, hakuna.

"Anakula?" aliuliza.

"Sahani inarudi nyeupe," Adila alijibu.

"Basi homa hii inatoka wapi?"

Mwanvita alisimama mlangoni na uji mkononi. Aliutazama mkono wa bibi, umekuwa mwembamba kama ufito. Machozi yakamtangulia.

"Hali, mama. Wanakula kuku."

"Kuku gani?"

"Chakula chake nawapa kuku. Anaumwa jino."

Nesi Mgeni akaifungua ile kanga taratibu, akamulika kinywani kwa tochi ya simu. Bajaji ikaitwa. Bi Batuli alipokuwa akipandishwa, alimtazama Mwanvita mara moja tu. "Umeniuza," akasema, akageuza uso.

Siku nne alizolazwa hospitali zilikuwa ndefu. Mwanvita alifagia chumba kitupu, akatandika kitanda kisicho na mtu, akatandua, akatandika tena. Hakuwa na jingine la kufanya.

Nesi Mgeni alimkuta humo. "Usaha ulikwisha kushuka shingoni," alimwambia. "Tungechelewa kidogo, ungemziba pumzi. Daktari wa meno kang'oa jino moja, mengine kayasafisha. Sikiliza, mwanangu. Amana ni kumtunzia mtu kitu chake kisiharibike. Siri inayomharibu mwenyewe si amana, na uongo wa sahani ulitupoteza njia. Lakini kosa si lako peke yako. Sisi tunafua shuka na kupiga deki, ila vinywa vya wazee hatukuwahi kuvichungulia. Mkono unaotetemeka unashikaje mswaki?"

Tangu siku hiyo, kila asubuhi na kila baada ya chakula cha usiku, wazee walisaidiwa kupiga mswaki. Mzee Mwinshehe, mwenye meno mawili, alidai mswaki mkubwa kuliko wote.

Bi Batuli alirudi, lakini siku tatu hakumsemesha Mwanvita. Salamu alijibu, basi. Siku ya nne, uji ulipoletwa, aliumaliza wote, akasema:

"Mwanvita. Fungua mlango. Na dirisha."

Mwanvita akafungua. Bi Batuli akavuta pumzi, akaviachia vigelegele. Vilianza kwa kukwaruza, vikayumba, halafu vikanyooka, vikapita uani, jogoo mnene akajaribu kukimbia akashindwa.

"Kumbe vilikaa kwenye ulimi muda wote," bibi alisema, akimshika Mwanvita mkono. "Nami nilikutwisha mzigo wa mtu mzima. Nisamehe, mjukuu wangu."

"Nani kaolewa huko?" Mzee Mwinshehe alipaza sauti kibarazani.

"Jino langu!" Bi Batuli akamjibu. "Limekwenda kwa mumewe, halirudi!"