Maoni ya Nasike Kuhusu Jasusi Reho

Msichana mgeni alisimama kando ya bomba la maji jioni ya Alhamisi, wakati Nasike alipokuwa akisuuza soksi zake za shule. Alikuwa amejitanda mtandio wa kijani, viatu vyake vimejaa vumbi, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Hakuna aliyemjua pale mtaani Jericho.

"Wewe ndiye Nasike wa darasa la saba?" aliuliza.

Kabla Nasike hajajibu, Griffins, mvulana wa nyumba ya pili, aliyekuwa akingoja kujaza mtungi wake, alidakia. "Ndiye huyo! Mwandishi wetu mashuhuri. Ukitaka sahihi yake, panga laini."

"Nyamaza wewe, Griffins! Maji yako yanamwagika."

Mgeni alitabasamu kidogo. "Naitwa Habon. Nimetoka Mowlem."

"Mowlem? Kwa miguu?"

"Kwa miguu," Habon alisema, kana kwamba ni hapo ng'ambo ya barabara. Kisha akafungua gazeti.

Nasike alikijua kitabu hicho kabla hajaona jalada lake. Ilikuwa riwaya ya kijasusi, *Jasusi Asiye na Kivuli*, kitabu kilichopendwa kuliko vyote katika maktaba ya Jumamosi. Maktaba yenyewe ilikuwa rafu mbili tu katika ukumbi wa mtaa, zikisimamiwa na Mwalimu Selpher. Kila kitabu kilikuwa kimefungiwa daftari kwa uzi. Msomaji akimaliza kusoma, aliandika maoni yake katika daftari hilo, akatia jina na mtaa wake, na kitabu kikaenda kwa mwingine pamoja na maoni yote. Sharti lilikuwa moja: huandiki kabla hujamaliza.

Maoni juu ya jasusi Reho yalikuwa mengi. Laban, fundi wa magari, alikuwa ameandika: "Gari likiruka mto namna ile, shokabsoba za magurudumu zinavunjika zote. Reho hata hasimami kuangalia chini. Hata hivyo nimekisoma mara mbili." Mama Mirriam, muuza mboga, alilalamika kwamba tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho Reho hakula chochote ila kahawa. "Atapigana na watu saba vipi na tumbo tupu? Mwandishi ampikie." Griffins naye alikuwa amehesabu risasi. Bastola ya Reho ilipiga risasi thelathini na nne bila kujazwa hata mara moja.

Chini ya hayo yote, kwa mwandiko wa mviringo, kulikuwa na maoni ya Nasike. Mwalimu Selpher, ambaye bado hakuwa amepata zamu ya kukisoma kitabu, alikuwa ameyasoma kwa sauti mbele ya watu wote Jumamosi iliyopita, akasema hayo ndiyo yaliyomgusa zaidi. Zawadi ya Nasike ilikuwa kubwa: kitabu cha pili cha Reho kilikuwa kinaletwa, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukisoma.

Habon alifungua daftari, akaweka kidole juu ya maoni hayo. Alisoma polepole: "'Nilipofika mahali ambapo Reho anarudi nyumbani baada ya hatari zote, na mama yake anafungua mlango na kumwita jina lake la utotoni, nililia.'" Akainua macho. "Nimekisoma kitabu chote. Nimekisoma tena. Mahali hapo sipaoni. Labda Kiswahili changu hakitoshi. Tafadhali nionyeshe ukurasa."

Nasike alihisi uso unamchoma. Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, na alishukuru kwamba hangeweza kukishika kitabu mara moja.

Ukweli ni kwamba hakuwa amemaliza. Alikuwa amepewa siku nne, mbili zikaishia kwenye kuruka kamba, na siku ya kurudisha alikuwa amefika katikati tu, pale Reho anaponing'inia nje ya dirisha la treni. Alijua mama yake Reho alikuwa ameachwa kijijini. Mengine aliyatunga. Hata haikumchukua muda, kwa sababu alikuwa akiandika jambo alilolitamani kila siku: mlango kufunguliwa, na baba yake, aliyekwenda kufanya kazi Webuye mwaka mmoja uliopita, kusimama pale na mkoba wake.

"Kwa nini unautaka sana ukurasa huo?" aliuliza ili apate muda.

Habon alifunga daftari. "Binamu yangu Gedi alipotezana nasi njiani tulipokuwa tukitoroka vita. Sasa ni miaka mitatu. Mama yake ndiye ninayeishi naye, Eeddo Qamar." Ndivyo alivyomwita shangazi yake. "Eeddo hasomi Kiswahili. Mimi humsomea jioni. Nilipoona maoni yako nilimwambia mapema kwamba kijana anarudi kwa mama yake. Alifurahi sana. Kila siku ananiuliza, 'Tumefika? Tumefika anaporudi?'"

Griffins alikuwa ameacha kucheka. Mtungi wake ulikuwa umejaa, lakini hakuondoka.

"Niachie kitabu," Nasike alisema, sauti yake ikiwa ndogo. "Nitakutafutia. Njoo maktabani Jumamosi."

Habon alimwamini. Alimpa kitabu, akashukuru, akaanza kurudi njia ndefu aliyokuja nayo.

Jioni hiyo na siku ya Ijumaa, Nasike alisoma kama ambavyo hakuwahi kusoma. Alisoma akiwasha jiko la makaa, alisoma akichambua maharagwe, hata mama yake, Nafula, akasema, "Wewe mtoto, utaupika huo mchuzi au utauambia hadithi?" Alivuka treni, mto na ghala lililolipuliwa. Kila alipofungua ukurasa alitumaini kwamba kwa bahati tu jambo alilolitunga lingekuwa kweli. Halikuwa kweli. Mwishoni Reho alivuka mpaka peke yake akiwa na jeraha begani, na hakuna aliyejua alikokwenda. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mama yake, aliyekuwa bado akimsubiri kule kijijini. Nasike aliusoma mara tatu, na safari hii alilia machozi ya kweli.

Mama yake alikaa kando yake kwenye kiti kirefu. "Kitabu gani hiki kinakuliza?"

Nasike akamweleza yote. Mama yake hakugomba. Aliuliza tu, "Na kesho utafanya nini?"

"Naweza kumwambia Habon pembeni, baada ya kupewa kitabu cha pili."

"Unaweza," mama yake alisema, akainuka kwenda kutazama mchuzi. Hakuongeza neno, na Nasike alitamani angeongeza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kitabu cha pili kilikuwa mezani mbele ya Mwalimu Selpher, jalada lake jekundu likimetameta, na hata kwa mbali Nasike alihisi harufu ya karatasi mpya. Alikuwa amekiota wiki nzima. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Habon na mtandio wake wa kijani.

"Nasike, njoo mama," Mwalimu Selpher aliita.

Nasike alikwenda. Mwalimu alimnyooshea kitabu. Mikono ya Nasike ilibaki mgongoni.

"Mwalimu, sikumaliza," alisema. "Nilipoandika yale maoni, nilikuwa nimefika katikati tu. Reho harudi nyumbani. Nilitunga."

Minong'ono ikaanza ukumbini. Laban, aliyekuwa amekuja na ovaroli yake ya kazi, alikuna kichwa. "Lo! Na mimi nilidhani nimeruka ukurasa. Wiki nzima nimejiuliza nilikirukaje hicho kipande!" Wachache walicheka. Mwalimu Selpher hakucheka. Alikirudisha kitabu mezani taratibu.

"Umenisikitisha," alisema. "Unajua sharti. Jina lako linakwenda chini ya orodha. Wewe ni wa thelathini na mmoja."

Thelathini na mmoja! Kwa siku nne kila mtu, ingepita miezi minne kabla hajakigusa. Nasike aliitikia kwa kichwa na kushuka. Alipotazama mlangoni, Habon hakuwapo.

Alimkuta nje, amegeukia ukuta.

"Pole, Habon."

"Pole ya nini? Kitabu ni chako na maneno ni yako."

"Nilikudanganya."

"Hukunidanganya mimi!" Habon aligeuka, macho yamejaa machozi. "Mimi ningejisomea mwisho nikaelewa. Umemdanganya Eeddo. Jana amefua blanketi la Gedi. Unasikia? Miaka mitatu limekaa sandukuni, jana akalifua. Sasa nani atamwambia? Mimi?"

Upepo ulipeperusha vumbi la uwanja. Mwishowe Nasike alisema, "Mimi nitamwambia. Ni kosa langu. Nitakuja kwenu mwenyewe."

"Yuko dukani wiki nzima, anauza vitambaa. Jumapili hurudi saa kumi, halafu saa kumi na moja anafungua tena."

"Basi kesho saa kumi. Nakuahidi."

Habon alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa. "Tutaona," alisema.

Alipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo Nasike alipokumbuka, akasimama ghafla katikati ya njia. Kesho ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo, saa kumi kamili, baba yake hupiga simu kutoka Webuye, kwenye simu ya duka la Wanyoike. Huongea dakika chache tu, kwa sababu nyuma yake pale kwenye kibanda cha simu watu hupanga foleni. Ilikuwa mara moja kwa mwezi. Nasike alikuwa amehifadhi mambo saba ya kumwambia.

"Mama, siwezi kwenda wiki ijayo badala ya kesho?" aliuliza alipofika.

"Unaniuliza mimi au unamuuliza yule mama wa Mowlem?"

Nasike alikaa chini. "Ananiuliza kila mara kama nimekua," alisema kwa sauti ya kilio. "Baba. Huanza hivyo kila mara."

Mama yake alimkumbatia. "Nitamwambia umekua," alisema.

Jumapili Mwalimu Selpher alimsindikiza, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu kwa mtoto. Walipita Umoja kwa miguu. Walipofika kwenye nyumba ya Eeddo Qamar, Habon alifungua mlango, akashangaa, akaufungua zaidi. Ndani kulikuwa na harufu ya iliki. Eeddo Qamar alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Aliwaketisha kwenye mkeka, akawamiminia chai kabla hajauliza wamefuata nini.

"Shikamoo, mama," Nasike alisema.

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye uliyeandika habari za ule mlango?"

"Ndiyo, mama. Lakini si kweli. Sikuwa nimekisoma chote. Yule kijana harudi, mama yake anabaki akimsubiri. Niliandika vile kwa sababu... kwa sababu baba yangu yuko mbali, na nilitaka mtu arudi. Naomba unisamehe."

Eeddo Qamar aliweka birika chini. Alitazama dirishani, ambako blanketi lenye mistari ya kahawia lilikuwa limeanikwa kwenye kamba nje. Habon aliuma mtandio wake.

"Blanketi lilikuwa chafu," Eeddo Qamar alisema hatimaye. "Lilihitaji kufuliwa. Kumsubiri mwanangu hakukuanza na daftari lako, binti, na hakutaishia hapo. Lakini nisikilize. Mtu anayesubiri habari humsikiliza kila anayepita. Akisikia neno dogo tu, halali. Kwa hiyo usimpe mtu habari ambayo huna. Hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri."

"Nimesikia, mama."

"Nami niongeze," Mwalimu Selpher alisema kwa upole. "Kutunga si kosa, Nasike. Una kipawa, na siku moja utaandika kitabu chako, milango ifunguke utakavyo. Lakini maoni ni ushahidi. Unapoandika 'nimesoma', wenzako wanakuamini kwa sababu hawakuwapo uliposoma. Ukweli wako ndio macho yao."

Eeddo Qamar akamsogezea Nasike kikombe. "Umekuja na hicho kitabu?"

"Nimekuja nacho."

"Basi nisomee mwisho wake. Ule wenyewe, alivyouandika mwenye kitabu. Nataka kumsikia huyo mama."

Nasike alifungua ukurasa wa mwisho. Ukutani saa ilionyesha saa kumi na dakika tano. Huko Jericho simu ya Wanyoike ilikuwa imekwisha kulia, mama yake amekwisha kuinua mkono wa simu, na sauti ya mbali ilikuwa ikiuliza kama amekua. Nasike alisogea karibu ili Eeddo Qamar amsikie vizuri, akaanza kusoma, polepole, bila kuruka neno hata moja.