Kokoto ya Darajani

Asubuhi hiyo Shivachi alikuwa na furaha kama ya mtoto. Alikimbia katika barabara ya Shirere akiimba, na nyuma yake alikuja Stima, fahali wake mweusi, akipuliza pua. Pambano la mafahali uwanjani Malinya lilikuwa linakaribia. Watu walifungua madirisha kuwatazama.

Walipofika darajani, Shivachi alisimama. Alivua gambuti moja, akaikung'uta.

"Kokoto," alimwambia mkewe Milcah, aliyeshika kamba ya fahali.

Milcah alimkazia macho. "Baba Bravin, hiyo kokoto inakungojanga hapa kila asubuhi?"

Shivachi akavaa tena gambuti yake. Ukweli ni kwamba akikimbia, kifua kilimbana na mkono wa kushoto ukawa mzito. Akipumzika, yote yaliisha. Alificha kwa sababu aliogopa kuambiwa asikimbie tena na Stima.

Siku hiyohiyo Milcah alimpeleka hospitali mjini Kakamega, akamweleza daktari jinsi mumewe anavyosimama darajani kila asubuhi. Akalazwa kitandani, akapimwa moyo kwa nyaya. Majibu yakawa mazuri.

"Si niliwaambia ni kokoto?" Shivachi akasema, akitafuta kofia yake.

Muuguzi Chepkorir alimzuia. "Mzee, ukinunua fahali wa kupigana, unamchagua akiwa amelala anacheua?"

"Hapana. Lazima nimwone akikimbia."

"Na moyo ni hivyo. Tumeupima ukiwa umelala. Daktari anataka kuuona ukifanya kazi."

Akamweleza kwamba Nairobi kuna kipimo kinachotumia dawa yenye mionzi kidogo. Dawa hudungwa kwenye mshipa wa mkono, ikaenda na damu mpaka moyoni. Kamera maalumu huona ilipofika. Picha hupigwa moyo ukiwa umepumzika, na tena baada ya kuchapa mwendo kwenye mashine. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi hujulikana.

"Hiyo mionzi haitanimaliza?"

"Ni kidogo, na haikai mwilini. Utakunywa maji mengi, itoke na mkojo. Lakini siku nzima kabla ya kipimo usiguse chai, kahawa wala soda. Zinavuruga kipimo."

Shivachi alicheka. Yeye, aache chai?

Nairobi walifikia kwa dada yake Shivachi, Gentrix, ambaye hakuwa amemwona tangu Krismasi. Gentrix alileta birika la chai ya maziwa, akajaza kikombe mpaka juu. Shivachi alimeza mate. Kukataa chai ya dada yako ni kama kumwambia humpendi tena. Akashika kikombe. Milcah alimtazama.

Shivachi akamkumbuka Stima. Akaweka kikombe chini.

"Dada, usikasirike. Niwekee. Kesho nikitoka kupimwa nitamaliza birika lote."

Gentrix alinuna. Alipoelezwa sababu, aliliondoa birika mwenyewe, na majani ya chai akayaficha.

Kesho yake Shivachi alidungwa dawa akapigwa picha za kwanza. Kisha akapanda juu ya mkanda wa mashine. Mkanda ulizidi kasi, ukainuka kama mlima. Daktari wa huko alikuwa kando yake akiangalia moyo kwenye skrini. Kifua kilipoanza kubana, Shivachi alitamani kuinama ajifanye anatoa kokoto. Safari hii akasema ukweli.

"Ni hapa, daktari. Hapa ndipo panapobana."

Wakamdunga dawa papo hapo, wakapunguza mwendo. Baadaye kamera ikapiga picha za pili.

Daktari aliziweka picha pamoja. Akiwa amepumzika, damu ilifika moyo wote. Akikimbia, upande mmoja ulikosa. Shivachi alisisimka hata akasahau woga.

"Kumbe kokoto yenyewe ndiyo hii."

"Ndiyo hii," daktari akasema. "Na sasa tunajua ilipo."

Jioni hiyo alimaliza birika. Wiki hiyohiyo mshipa wa moyo uliokuwa umeziba ukafunguliwa. Akapewa dawa za kumeza kila siku, akaambiwa aanze kwa kutembea polepole. Pambano la kwanza likampita akiwa nyumbani. Roho ilimuuma, lakini alitii, mpaka daktari akamruhusu kukimbia.

Pambano lililofuata, ngoma za isukuti zililia tangu alfajiri. Shivachi alitangulia, Stima akafuata, majirani nyuma yao wakicheza. Daraja likatokea mbele. Milcah alikuwa na wasiwasi na furaha kwa pamoja.

"Baba Bravin," aliita, "na kokoto?"

Shivachi hakusimama kumjibu. Alikuwa anaimba, na daraja lilikuwa nyuma yake.